Utii Una Mpaka, Wema Hauna

Sisi watu wa pwani tukitajiwa Bomet, mawazo yetu hukimbilia chai. Twajua kwamba kuna milima ya kijani, baridi kali na maziwa mengi, na huishia hapo. Mimi nilikwenda huko juzi, na safari yangu haikuwa ya matembezi. Rafiki yangu mmoja, Mkipsigis, ambaye tulifanya kazi pamoja bandarini Mombasa kwa miaka mingi, alifiwa na babake. Wazee wetu walitufunza kwamba msiba hauna kabila wala dini. Basi nikapanda basi mpaka Nairobi, nikachukua gari jingine la kupitia Narok, na jioni nikafika Bomet. Baridi ilinipokea kabla ya wenyeji.

Mazishi yalikuwa siku ya pili. Walikuja watu wengi, mahema yakafungwa shambani kando ya michai, na mhubiri akasimama. Somo alilolichagua lilikuwa kisa cha Absalomu, mwana wa Daudi, aliyemuasi babake na kutaka kumnyang'anya ufalme, mwisho akanaswa kichwa katika matawi ya mti akauawa akining'inia. Mhubiri alikuwa na sauti nzuri na maneno ya kuchoma. Akasema Absalomu hakufa, yungali hai, na mwezi wa Juni 2024 alionekana katika barabara za Nairobi akirusha mawe na kuingia Bungeni. Akasema kizazi hiki kimewaasi wazazi, kimeiasi serikali, na kimemuasi Mungu, na kwamba mambo hayo matatu ni kitu kimoja.

Wazee wakaitikia amina. Nami nikaona vichwa kadhaa vikigeuka kutazama nyuma, penye ua. Hapo palikuwa na kijana mmoja amesimama peke yake, amevaa koti jeusi. Baadaye nikajua kuwa ni mwana wa rafiki yangu, mjukuu wa marehemu. Tarehe 25 Juni 2024 alikuwa miongoni mwa vijana waliojitokeza Nairobi kupinga Mswada wa Fedha. Babake alipopata habari alimpigia simu akamwambia asikanyage tena nyumbani. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Kijana alikuja kumzika babu yake, akatupa gao lake la udongo, akaondoka bila ya kuonja chakula.

SWALI LA USIKU

Usiku ule rafiki yangu aliniletea chai ya maziwa chumbani. Tangu tukiwa bandarini yeye huniita "Sheikh", ingawa mimi si sheikh, ni kwa sababu ya kofia tu. Akaketi, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Sheikh, Kitabu chenu nyinyi chasemaje juu ya mtoto kama huyu?"

Nikamjibu haraka haraka, kama mtu anayejibu jambo alilolihifadhi tangu chuoni. Nikamwambia kuwa kwetu sisi kumuasi mzazi ni dhambi kubwa, imetajwa pamoja na kumshirikisha Mwenyezi Mungu. Akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda kulala. Nilimwona ametulia, kama mtu aliyeshinda kesi.

Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Kila nikifumba macho moyo ulikuwa ukiniambia kwamba nimempa yule bwana nusu ya hukumu, na nusu ya hukumu wakati mwingine ni mbaya kuliko uongo. Makala haya ni ile nusu ya pili. Nimeona niiandike hapa, maana najua kwamba katika mitaa yetu, toka Lamu mpaka Vanga, ziko nyumba nyingi ambazo baba na mwana hawasemezani, na kila mmoja wao anadhani Kitabu kiko upande wake.

HAKI YA MZAZI

Nianze na yale niliyomwambia, kwani yalikuwa kweli. Katika Sura ya Bani Israili, aya ya 23 na ya 24, amri ya kumwabudu Mungu mmoja imefuatwa papo hapo na amri ya kuwafanyia wema wazazi wawili. Wakifika uzee nawe uko nao, hata lile neno dogo la kuonyesha kuchoshwa umekatazwa kulitamka, sembuse kuwakemea. Umeamrishwa kuwainamishia bawa la unyenyekevu na kuwaombea rehema, kama walivyokulea ulipokuwa mdogo. Na katika Sura ya Al-Ahqaf, aya ya 17, ametajwa mtoto aliyewatolea wazazi wake neno hilo hilo la kuchoka, wao wakiwa wanamsihi aamini, naye akijibu kwamba hizo ni hekaya za watu wa kale.

Kisha kuna kisa cha mwana wa Nabii Nuh (A.S.), nacho kimo katika Sura ya Hud. Maji yanapanda, jahazi linakwenda kati ya mawimbi kama milima, na baba anamwita mwanawe apande pamoja nao. Mwana anajibu kwamba atapanda mlima utakaomkinga na maji. Wimbi likaingia kati yao, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo. Nilikikumbuka kisa hiki kule Bomet asubuhi, nikiitazama milima, nikafahamu kwa nini mtu aliyezaliwa penye milima anaweza kuuamini mlima kuliko maneno ya babake.

Hapa kwetu hayo tunayajua sana. Mtoto wa pwani hulelewa kwa neno "radhi" kabla hajajua kuandika jina lake. Husemwa kuwa radhi ni bora kuliko mali, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sina neno la kupunguza katika hayo.

MZEE ALIYEZIKWA

Lakini tumtazame marehemu mwenyewe. Mhubiri alimsifu kwamba alimfuata Kristo tangu utotoni akawa nguzo ya kanisa. Hakusema alimfuata vipi. Mimi nilisimuliwa na ndugu yake, mzee aliyekuwa ameketi karibu yangu akijifunika blanketi.

Marehemu alizaliwa katika miaka ya 1930. Muongo huo ulikuwa mgumu kwa Wakipsigis. Ardhi yao nyingi na nzuri ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na walowezi na makampuni ya chai ya upande wa Kericho. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa watabiri na viongozi wa mambo ya kiroho, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mbali na watu wao. Katika muongo huo huo wamishenari Wamarekani walijenga kituo chao Tenwek, karibu na Bomet, mahali ambapo sasa pana hospitali kubwa inayojulikana Kenya nzima. Basi mzee wa Kipsigis wa siku zile aliona watabiri wake wanaondolewa, ardhi yake inapungua, na kengele ya shule inawaita watoto wake.

Mtoto huyu alipata miaka kumi na miwili hivi akatoroka nyumbani kwenda misheni. Babake alimfuata mara mbili akamrudisha, na mara ya tatu akamwacha. Kwa yule baba, mwanawe alikuwa amemwacha Asis, Mungu wa wazee, na kuzikimbia mila zilizomfanya mtu kuwa mtu. Wakipsigis, kama sisi, huogopa sana laana ya mzazi. Baba akafa miaka mingi baadaye bila ya kumtamkia mwanawe neno la radhi. Ndugu yake aliponisimulia hayo alisema marehemu alikuwa akilitaja jambo hilo hata katika wiki zake za mwisho.

Karibu na huko kuna kiwanda cha chai kinachoitwa Kapkoros. Kapkoros, kwa lugha ya wenyeji, ni mahali pa ibada ambapo wazee walikusanyika kumwomba Mungu wao. Leo jina hilo limekuwa la kiwanda, na watu hulitaja wakiulizana juu ya bonasi. Namna hiyo ndivyo dunia inavyogeuka. Aliyekuwa muasi katika boma la babake alizikwa juzi kama baba wa imani, na mjukuu wake ndiye aliyeitwa Absalomu.

Mimi si hakimu wa dini ya marehemu. Nataka msomaji aone jambo moja tu. Ikiwa kila kumuasi mzazi ni kumuasi Mungu, basi mhubiri yule alipaswa kumlaani marehemu kabla ya kumlaani mjukuu. Hakufanya hivyo, kwa sababu moyoni mwake anajua kuwa utii una mpaka. Alisahau tu kusema mpaka wenyewe uko wapi.

MPAKA ULIPO

Kitabu chetu hakikuuficha mpaka huo. Katika Sura ya Luqman, aya ya 14 inausia juu ya wazazi na inataja taabu ya mama ya kubeba mimba, udhaifu juu ya udhaifu. Aya ya 15 inafuata pale pale, nayo inasema kwamba wazazi wakimshurutisha mtoto amshirikishe Mwenyezi Mungu, asiwatii. Wengi wetu husoma mpaka hapo tukaona tumemaliza. Aya haijamaliza. Inaendelea kumwamrisha mtoto huyo huyo akae nao duniani kwa wema.

Wanavyuoni wameeleza kwamba maneno hayo yalimhusu Saad bin Abi Waqqas, sahaba aliyesilimu akiwa kijana mdogo. Mamake aliapa hatakula wala hatakunywa mpaka mwanawe aiache dini ya Muhammad (S.A.W.), ili akifa watu waseme Saad kamuua mamake. Saad hakuiacha dini. Wala hakumwacha mamake. Alibaki akimsihi ale, na mwisho mama alikula.

Tena kuna Nabii Ibrahim (A.S.), ambaye babake alikuwa mwenye kuabudu masanamu. Katika Sura ya Maryam utamwona akisema na babake, na mara nne anamwita kwa lile jina la mapenzi, ewe baba yangu. Baba anajibu kwa kumtishia kumpiga mawe na kumfukuza. Mwana anajibu kwa salamu na ahadi ya kumwombea maghufira. Huyu alimpinga babake katika jambo kubwa kuliko mambo yote, naye hakupandisha sauti.

Na Asmaa binti Abubakar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alijiwa na mamake aliyekuwa bado mshirikina, katika zama za mapatano na Makureshi. Akamwuliza Mtume (S.A.W.) kama aweza kumpokea na kumtendea wema. Akaambiwa aunge undugu na mamake.

Tukiyakusanya hayo tunapata kanuni iliyo nyepesi kuitamka na nzito kuifuata. Utii kwa mzazi una mpaka, nao ni pale anapokuamrisha maovu, kwani hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Wema kwa mzazi hauna mpaka. Kijana akikosa la kwanza huwa mtumwa, na akikosa la pili huwa mwana wa Nuh, hata kama katika hoja ile ukweli uko upande wake.

KISU NA MSITU

Mtu aweza kusema kwamba mambo hayo yalikuwa ya enzi za Mitume, na leo mzazi gani atamwamrisha mwanawe maovu? Ningemjibu akae Bomet mwezi wa Desemba. Katika nchi ile, kwa miaka mingi, shule zikifungwa mwisho wa mwaka wasichana wamekuwa wakitoroka nyumbani kwao usiku ili wasikeketwe. Wengine hukimbilia makanisani, wengine kwa walimu, wengine kwa chifu. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2001 iliwakinga, na mwaka wa 2011 ikapatikana sheria nyingine inayokataza ukeketaji wenyewe kwa mtu wa umri wowote. Hata hivyo msichana anayetoroka hajifunzi kwanza vifungu vya sheria. Yeye anajua tu kwamba mama na nyanya wamemwandalia kisu, na kwamba akikataa ataambiwa kuwa amewaasi wakubwa wake. Je, huyo naye ni Absalomu?

Na tusiwacheke watu wa bara, maana msitu wa Shakahola uko kwetu Kilifi. Mwaka wa 2023 ilifukuliwa humo miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa Paul Mackenzie, waliodaiwa kuambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Februari 2024 Mackenzie na wenzake walishtakiwa mahakamani Malindi kwa mauaji ya watoto 191, nao wakakana mashtaka. Watoto 191, msomaji. Wapo waliopelekwa msituni wakishikwa mkono na baba zao na mama zao. Kule Shakahola mtoto aliyetii ndiye aliyekufa, na aliyetoroka ndiye aliyepona. Anayehubiri juu ya utii wa watoto katika nchi hii, awe padri au khatibu, hana budi kuukumbuka msitu ule kabla hajapanda mimbari.

SISI NA VIJANA WETU

Hata hivyo pwani tumeona pia maasi ya namna nyingine, nayo ni machungu zaidi kwetu kwa sababu yalivaa kanzu. Miaka kumi na zaidi iliyopita kulizuka vijana katika misikiti yetu ya Mombasa waliowaambia baba zao kwamba dini yao ni ya mila tupu, na masheikh wao ni vibaraka. Waliuita Msikiti Musa jina jingine, la Mashahidi, na tarehe 2 Februari 2014 polisi waliuvamia, damu ikamwagika mahali pa sijida. Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, aliyekuwa ameondolewa na vijana katika msikiti wa Sakina, alipigwa risasi akafa Juni 2014. Vijana wengi walivuka kwenda Somalia. Wengine walichukuliwa na watu wasiojulikana, na mama zao wangali wanangoja mlangoni.

Vijana wale nao walikuwa na aya zao. Waliisoma ile ya Luqman, wakaishika nusu ya kwanza, ya kutotii, wakaitupa nusu ya pili, ya kukaa kwa wema. Walimsoma Ibrahim aliyevunja masanamu, hawakumsoma Ibrahim aliyemwambia babake salamu. Ndipo mtu akaweza kumkufurisha mzazi aliyemfunza kutawadha.

Tarehe 2 Aprili 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa walishambuliwa, wakafa watu 148. Mmoja wa washambuliaji alitajwa kuwa ni Abdirahim Abdullahi, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu wa Mandera. Serikali ilieleza kwamba babake alikuwa amekwisha kupiga ripoti kuwa mwanawe amepotea na anahofia amekwenda Somalia. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka Nuh. Baba aliita, akaita tena, akaomba watu wamsaidie kuita, na wimbi likaingia kati yao. Mzazi wa namna hiyo halaumiwi. Hata Mtume wa Mungu alipata mtoto aliyeshindikana, na aliambiwa kwamba huyo si katika watu wako, kwa amali yake mbaya.

Kwa hiyo muasi hajulikani kwa kule kusema "hapana" peke yake. Msichana wa Bomet amesema hapana, na kijana wa Garissa amesema hapana. Mmoja anakimbia ili asidhuriwe, hali anatamani kurudi kwa mamake siku yoyote kisu kitakapowekwa chini. Mwingine anakimbia ili adhuru, na nyuma yake amekata kamba. Tazama anakokwenda, na tazama anavyomtaja mamake, utajua yuko wapi.

ABSALOMU NZIMA

Turudi sasa kwa Absalomu. Sisi Waislamu kisa hicho hakimo katika Kurani, na Nabii Daud (A.S.) tunamtukuza, kwa hiyo nakisimulia kama walivyo nacho wenyewe katika Kitabu cha Pili cha Samweli. Mhubiri wa Bomet alikianza kisa katikati. Mwanzo wake ni mlango wa 13, ambamo dada yake Absalomu, Tamari, anatendewa unajisi na Amnoni, ndugu yao kwa baba. Baba alipopata habari alikasirika sana. Basi. Alikasirika, asifanye lolote. Miaka miwili ikapita bila hukumu, Absalomu akaichukua hukumu mkononi mwake akamuua Amnoni, kisha akakimbia. Aliporuhusiwa kurudi Yerusalemu alikaa humo miaka miwili mizima bila ya kuuona uso wa babake. Baada ya hapo ndipo alipoanza kusimama langoni na kuwaambia watu wenye mashauri kwamba hakuna wa kuwasikiliza. Nao wakamwamini, kwa kuwa jambo hilo lilimfika mwenyewe.

Mwisho wa kisa nao mhubiri aliukata. Kabla ya vita baba aliwaamuru majemadari wake wamfanyie kijana upole. Na alipoletewa habari ya ushindi hakuuliza ufalme, aliuliza kama kijana yu salama. Alipojua amekufa alilia mpaka askari walioshinda wakaingia mjini kwa kujificha kama walioshindwa. Maasi ya Absalomu yalikuwa maovu, hilo halina shaka. Lakini anayekihubiri kisa chote atawahubiria akina baba kabla ya watoto. Atawaambia kwamba dhuluma isiyohukumiwa nyumbani huzaa mtoto wa kusimama langoni, na kwamba miaka miwili ya kutoonana uso huzaa vita.

Katika Kurani, Sura ya Saad, aya ya 26, Daud anaambiwa kuwa amefanywa khalifa, basi ahukumu baina ya watu kwa haki wala asifuate matamanio. Hapo ndipo mimi naona kosa la wale wanaoifanya serikali kuwa mzazi. Mzazi ana haki ya kuzaa na kulea, serikali haikumzaa mtu. Kiongozi ni mchunga, na Mtume (S.A.W.) alisema kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Hadi mwanzo wa Julai 2024 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikwisha kuhesabu watu 39 waliouawa katika maandamano yale. Rais alikataa kuutia sahihi mswada siku moja baada ya Bunge kuvamiwa, kwa hiyo kilio cha vijana kilikuwa na la kusikilizwa. Na mwisho wa mwaka huo, vijana kadhaa walipokuwa wametekwa, Rais Ruto aliahidi kwamba utekaji utakoma, na papo hapo akawataka wazazi wawajibike kwa watoto wao na vijana wawe na nidhamu. Kumkumbusha mzazi wajibu wake si vibaya. Lakini mzazi ambaye mwanawe hajulikani aliko hawezi kumtia nidhamu.

Vijana nao wasidhani nimewapa hati ya kuvunja maduka ya watu na kuwatukana wazee mitandaoni. Waliopora walimdhulumu mchuuzi asiyejua hata mswada ulisemaje. Kijana anayetaka kusimama upande wa Ibrahim na awe na ulimi wa Ibrahim.

NENO KWA MZAZI

Kwetu wazazi nina machache. Mtoto akikataa neno lako, jiulize kwanza ni amri ya Mungu au ni ada, hofu, au heshima yako mbele ya majirani. Mara nyingi tunaita "dini" kitu ambacho ni aibu tu. Pili, tenda haki baina yao. Bashir alipotaka kumpa zawadi mwanawe mmoja na kuwaacha wengine, Mtume (S.A.W.) alikataa kuwa shahidi na akamwambia amche Mungu na awe mwadilifu kwa watoto wake. Kule Bomet ugomvi mwingi ni wa mashina ya chai na bonasi, kwetu ni wa minazi na nyumba za urithi, na chanzo ni kile kile. Tatu, usione haya kumwonyesha mtoto huruma. Al-Aqra bin Habis alijisifu kwamba ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, akaambiwa kuwa asiyehurumia hahurumiwi.

Na la nne, usifunge mlango. Nuh hakufunga, aliita mpaka wimbi likamzuia. Ya'qub (A.S.) aliambiwa uongo na wanawe, akapotezewa Yusuf, macho yakaingia ukungu kwa huzuni, na walipokuja kutubu aliahidi kuwaombea maghufira. Hakuna hata Mtume mmoja niliyesoma kwamba alimwambia mwanawe asikanyage nyumbani.

Haya yote sikumwambia rafiki yangu usiku ule. Nilimpigia simu niliporudi Mombasa. Kwa kuwa yeye si wa dini yangu sikumsomea Luqman, nilimkumbusha kisa kilichomo katika Injili yake, mlango wa 15 wa Luka, cha mwana aliyepoteza mali ya babake akarudi ana njaa. Nikamwuliza, "Ndugu yangu, yule baba alimngoja mwanawe afike mlangoni aombe radhi?" Akafikiri, akasema, "La. Alimwona angali mbali, akamkimbilia." Kisha akanyamaza, nami nikanyamaza. Akasema, "Sheikh, mbona hukuniambia siku ile?" Sikuwa na jibu.

Mpaka ninapoandika haya hajampigia mwanawe. Amesema atampigia chai ikishachumwa, kisha akasema baada ya arobaini ya mzee. Namwelewa, maana neno la kwanza ni zito kulitoa. Lakini mzee aliyezikwa aliingoja radhi ya babake miaka mingi, mpaka akaingia kaburini nayo hajaipata, na sasa mjukuu wake ameanza kungoja. Msomaji, ikiwa nawe kuna simu ambayo hujaipiga, usingoje kuchuma wala arobaini. Wimbi halina miadi na mtu.

Wabillahi taufiqi.